Vipepeo na Nondo, Watumishi wa Misitu ya Milimani

Binadamu amemtukuza nyuki kwa sababu nyuki humpa asali na nta, na kila kiumbe kitiacho kitu mkononi mwa binadamu aghalabu hukumbukwa. Walakini wako viumbe wengine wasiotupa asali wala nta, ambao lau wangetoweka katika misitu ya mvua iliyo juu ya milima yetu, mimea kadha wa kadha ingekosa kizazi. Viumbe hao ni vipepeo, warukao mchana, na nondo, ambao wengi wao huruka usiku. Watu huwatazama vipepeo kwa kupendezwa na uzuri wao, na nondo huwafukuza kwenye taa. Ama kazi ambayo makundi hayo mawili huifanya, ni wachache waijuao. Makala haya yanakusudia kuieleza kazi hiyo, na pamoja nayo sharti lake, maana ina sharti ambalo tukilipuuza hatutaweza kuihifadhi.

Tuchukue mfano wa Usambara ya Mashariki, katika mkoa wa Tanga. Milima hiyo ni sehemu ya silsila ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapitia Upare, Usambara, Nguru na Uluguru, hata ikafika Udzungwa. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda mabega yake zikiwa zimebeba unyevu, zikapoa, zikamwaga mvua na ukungu. Na kwa kuwa hali hiyo imedumu kwa mamilioni ya miaka, huku nchi za chini zikikauka mara kwa mara, viumbe wengi wa misitu hiyo walitengwa na jamaa zao, wakawa na maumbile yasiyopatikana mahali pengine duniani. Huko Amani, katika milima hiyo, Wadachi, yaani Wajerumani, walianzisha chuo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na mwaka 1997 msitu wake ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Mto Sigi, unaowapa maji wakazi wa mji wa Tanga, hupata maji yake katika misitu hiyo, hata mtu wa pwani asiyepata kuupanda mlima huo hunywa fadhila yake kila siku.

Mti hauna miguu ya kwenda kutafuta mwenzi. Ili upate mbegu, chavua ya ua lake haina budi kuchukuliwa na kufikishwa katika sehemu ya kike ya ua jingine la jinsi yake, na mara nyingi ni heri ua hilo liwe la mti mwingine, ili kizazi kiwe na afya. Katika nyika upepo huweza kuifanya kazi hiyo. Lakini ndani ya msitu mnene upepo ni haba, na miti ya jinsi moja haisimami pamoja bali hutawanyika, baina ya mmoja na wa pili pakawa na mamia ya miti ya jinsi nyingine. Juu ya dhiki hiyo, mlimani kuna baridi na ukungu, na wadudu wengi hulemewa wasiweze kuruka. Hapa ndipo hikima ya maumbile ya nondo wakubwa warukao kwa kasi inapodhihirika: kabla ya kuondoka, nondo huyo huitetemesha misuli ya kifua chake mpaka kifua kipate joto la kutosha, kisha huruka katika usiku wa baridi, akaenda masafa marefu kutoka ua hadi ua, na chavua akaifikisha mahali ambapo mdudu mnyonge asingefika. Kipepeo hufuata njia nyingine; yeye hungoja jua litokeze baina ya mawingu, akatandaza mbawa zake apate joto, ndipo aanze safari.

Chombo cha kazi kwa wote wawili ni ulimi, nao ni mrija uliofanywa kwa vipande viwili vilivyounganishwa, ambao usipotumika huviringwa chini ya kichwa kama kamba ya jahazi iliyokunjwa sitahani. Kwa mrija huo mdudu hufyonza mbochi, yaani maji matamu yaliyo ndani ya ua, na wakati wa kufyonza chavua humganda usoni, kifuani au kwenye ulimi wenyewe. Hata mbawa zina sehemu yake, kwani katika maua mengine, kama yale mekundu yenye manjano ya mmea utambaao ambao wataalamu huuita Gloriosa, mbawa za kipepeo ndizo zipigapigazo kwenye chavua na kuihamisha. Maua nayo yameumbwa kwa kuwafuata wageni wao: yale yanayomtarajia kipepeo hufunguka mchana, mengi yakiwa mekundu, ya waridi au ya rangi ya machungwa, tena yana mahali pa kutua, ama yale yanayomngoja nondo aghalabu ni meupe ili yaonekane gizani, na manukato yake huzidi jua linapokuchwa. Nondo mkubwa hahitaji pa kutua, kwa maana huelea hewani mbele ya ua huku ulimi wake umezama ndani.

Hakuna mfano ulio dhahiri zaidi wa mapatano hayo kuliko okidi. Mwaka 1862 Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, alipelekewa maua ya okidi moja nyeupe kutoka Bukini, yaani Madagaska, yenye mrija wa urefu wa takriban sentimita 30, na mbochi wake uko chini kabisa mwa mrija huo. Akasema kwamba yamkini yuko kisiwani humo nondo mwenye ulimi wa urefu kama huo, kwani bila yeye okidi ile isingepata mbegu. Darwin alifariki mwaka 1882 bila ya kumwona. Mwaka 1903 wataalamu walimwandika nondo huyo na kumpa jina, na ulimi wake ulistahiki kabisa kazi iliyotabiriwa. Jamaa zake wako pia Afrika Mashariki, ambako okidi nyeupe hukaa juu ya matawi ya miti, nyingine zikiwa na mirija izidiyo sentimita 15. Nondo anapousogeza uso wake mpaka mlangoni mwa ua ili aufikie mbochi, vifurushi vya chavua vyenye gundi humganda, naye huvichukua mpaka ua la pili. Okidi za namna hiyo zimeweka matumaini yao yote kwa wageni wachache mno. Mgeni akikosekana, ua hunyauka bila ya mbegu, ingawa mti uliolibeba ungali umesimama.

Insafu inatulazimu kusema kwamba si kila kipepeo na kila nondo ni mchavushaji. Wako vipepeo wa msituni wenye nguvu, wa jamii ya Charaxes, ambao huyapita maua na kufuata matunda yaliyooza, utomvu wa miti iliyojeruhiwa, na hata samadi. Na wako nondo wakubwa wa kupendeza ambao wakishakuwa na mbawa hawali kitu chochote katika siku chache za aushi yao. Kwa hiyo wingi wa mbawa peke yake hautoshi kuwa ushahidi wa afya ya msitu, bali yafaa tujue ni nani aendaye kwa nani.

Sasa tulifikie sharti lenyewe. Kipepeo na nondo wana maisha mawili: ya kwanza ni ya kiwavi alaye majani, na ya pili ni ya mdudu mwenye mbawa anywaye mbochi; na viwavi wengi hawali kila jani, bali huchagua mmea mmoja au michache tu. Wakulima wa Muheza wenye michungwa humjua kiwavi alaye majani ya michungwa, ambaye baadaye huwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu. Na mwenye shamba la viazi vitamu humjua kiwavi mnene mwenye pembe mkiani, ambaye akikua huwa nondo mwenye ulimi mrefu kuliko mwili wake. Basi amtakaye mchavushaji hana budi kumvumilia mtoto wake, na autakaye msitu wa maua hana budi kuutaka msitu wa majani. Jambo hili wanavijiji wa kandokando ya Amani walilifahamu kwa vitendo walipoanza kufuga vipepeo katika vizimba vya wavu na kuuza mabundo yao, yaani viwavi waliojifunga kabla ya kuota mbawa, kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani: ilikuwa lazima kwanza wapande mimea ya msituni iliwayo na viwavi. Tijara hiyo ilipata pigo mwaka 2016, Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nchi za nje. Hata hivyo elimu ile ya mmea na kiwavi wake ni rasilimali isiyozuiliwa na amri yoyote.

Wala mtu asidhani kwamba manufaa haya huishia msituni. Mpapai jike hautoi matunda mema pasipo chavua ya mpapai dume, na maua ya mpapai hutoa harufu yake magharibi, kwa ajili ya nondo. Utafiti uliofanywa nchini Kenya na kutolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nondo ndio wachavushaji wa mipapai, na kwamba kadiri shamba linavyokuwa mbali na uoto wa asili ndivyo nondo wanavyopungua. Mkulima afyekaye kichaka cha mwisho mpakani mwa shamba lake hujifyekea mwenyewe mavuno.

Yanayotupasa si makubwa kupita uwezo wetu. Tuache ukanda wa miti na magugu ya asili baina ya shamba na msitu. Tusinyunyizie dawa jioni wakati maua yamefunguka. Taa za nje tuzizime zisipohitajika, kwa kuwa huwapoteza nondo njia. Na juu ya yote tusiikate misitu ya vileleni, maana joto likizidi viumbe hupanda juu wakifuata ubaridi, na aliyekwisha kufika kileleni hana tena pa kupandia. Watoto wetu mashuleni wafundishwe kwamba kiwavi na kipepeo ni kiumbe kimoja, na kwamba msitu ulio na majani ya mmoja bila maua ya mwingine ni nusu ya msitu. Wakilijua hilo wakiwa wadogo, hawatahitaji sheria nyingi za kuwazuia watakapokuwa wakubwa.