Mwamuzi Afufuapo Waliokufa Mezani

Mwanzoni mwa mwezi wa Mei, mwaka 1942, maofisa wa jeshi la majini la Japani walikusanyika ndani ya manowari Yamato ili waujaribu mezani mpango wao wa kuvishambulia visiwa vya Midway. Mwamuzi alikuwa Jemadari wa Majini Ugaki Matome, mnadhimu mkuu wa kundi zima la manowari. Kwa mujibu wa maofisa wa Kijapani walioandika baada ya vita, ndege za adui zilipowashambulia mchezoni dadu zilitupwa, zikaonyesha kwamba mabomu 9 yamezipata meli zao, na kwamba Akagi na Kaga, meli mbili za kuchukulia ndege, zimezama. Ugaki akaamuru yahesabiwe mabomu 3 tu. Akagi ikapona, na Kaga, iliyokwisha kuzama, ikaibuka tena katika sehemu nyingine ya mchezo. Tarehe 4 Juni ndege za Marekani ziliziunguza meli hizo mbili pamoja na Soryu na Hiryu, na zote nne zikapotea.

Twaisimulia habari hii, ndugu askari, kwa kuwa swali lililomkabili Ugaki huwakabili hata leo raia wengi wa Ulaya na Marekani wanaocheza michezo ya kuigiza mezani. Humo kila mchezaji hujifanya mtu mmoja, shujaa au mchawi au mwizi, ambaye nguvu zake zimeandikwa katika karatasi. Mmoja wao ni msimamizi. Yeye ndiye awaelezaye wenziwe wanachokiona, ndiye asemaye kwa kinywa cha adui, na ndiye mwamuzi. Basi mhusika wa mwenzake akipatikana na upanga, je, amwache afe au amwokoe?

Asili ya mwamuzi huyo ni kambini. Mwaka 1824 luteni wa mizinga wa Prussia, von Reisswitz, alichapisha mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani. Kila upande uliandika amri zake na kumkabidhi mwamuzi, naye hakuwaonyesha ila kile ambacho kamanda halisi angeliweza kukiona. Hasara zilihesabiwa kwa dadu na majedwali, tena majedwali mengi ya kuchosha. Ndipo mwaka 1876 Jemadari Verdy du Vernois, aliyekuwa katika makao makuu ya Moltke wakati wa vita na Ufaransa vya 1870 na 1871, akashauri majedwali yawekwe kando na mwamuzi aamue kwa ujuzi wake mwenyewe. Hapana shaka shauri hilo liliuharakisha mchezo. Lakini pia lilimwachia mtu mmoja mizani yote.

Mwamuzi huyo alifika kwa raia kwa njia ya kitabu cha mchezo wa vita cha Mmarekani Totten, cha mwaka 1880, ambacho David Wesely wa Minnesota alikisoma. Mwaka 1969 Wesely alitunga mchezo ambamo kila mtu alipewa nafasi ya mtu mmoja katika mji wa kubuniwa, badala ya kikosi. Mwenzake Dave Arneson akaiendeleza njia hiyo katika mapango na majoka, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons.

Kifo ndicho kilichowasumbua mapema. Kikosi kikifutwa ramanini hakuna aliaye. Lakini mtu aliyepewa jina akifa kwa pigo moja, mwenyewe hununa. Arneson alieleza baadaye kwamba wachezaji wake hawakupenda kufa upesi, ndipo akaazima hesabu kutoka mchezo wa manowari za chuma, ambamo meli hustahimili mapigo kadhaa kabla ya kuzama. Hata hivyo, katika kanuni za 1974 mchawi anayeanza kwa kawaida hakuwa na alama za uhai zaidi ya 6, na pigo moja liliweza kuziondoa zote.

Gygax mwenyewe hakuwa mpole. Kaburi la mitego alilolitunga kwa mashindano ya Baltimore mwaka 1975 lilikusudiwa kuwaua hata mabingwa. Lakini katika kitabu chake cha wasimamizi cha 1979 aliruhusu kwamba mchezaji aliyetenda yote ipasavyo, akaangushwa na dadu tu, aweza kuokolewa kwa kupoteza kiungo au fahamu. Mpumbavu aachwe alipe. Hiyo ni kanuni njema, ijapokuwa ni ngumu kuitekeleza, maana wasimamizi wengi hutupa dadu nyuma ya ubao, na asiyeonekana hushawishika. Wako wasemao kwamba hadithi ni bora kuliko hesabu, nao huwaponya wahusika wote. Wachezaji wao huanza kulikimbilia kila joka bila kupeleleza, kwa kuwa wamekwisha kujua kwamba hawafi. Wengine hutupa dadu wazi mbele ya wote. Mezani pao watu hunong'onezana mlangoni, hutanguliza fimbo ndefu kupima sakafu, na mara nyingine hurudi nyuma.

Na aliyefiwa na mhusika wake? Hutwaa karatasi nyingine, hutupa dadu, akaanza tena daraja la kwanza, ilhali wenziwe wamekwisha kufika la 5.