Kuhara kwa Watoto (3): Darasa Lililochimba Vyoo

Sehemu mbili zilizopita zilieleza jinsi kinyesi kinavyofika mdomoni mwa mtoto kupitia vidole, nzi, maji, chakula na udongo wa uani. Karibu njia hizo zote zinavuka mpaka wa nyumba. Mama anaweza kuchemsha maji na kunawa kwa sabuni kila siku, lakini nzi wa choo cha jirani kisicho na mfuniko hazuiwi na ua. Ndiyo maana kumfundisha mama mmoja mmoja kliniki, ingawa ni lazima, hakutoshi.

Tanzania ililielewa jambo hili mapema. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vyenye redio na kijitabu. Walisikiliza kipindi, kijitabu kikasomwa kwa sauti ili asiyejua kusoma asiachwe, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya. Kwangu mimi, nguvu ya kampeni ilikuwa katika hatua hiyo ya mwisho. Ukisikia redio peke yako nyumbani, unaweza kukubali kila neno na usichimbe hata futi moja. Ukisema mbele ya majirani kwamba utachimba choo, umejifunga. Na vyoo vilichimbwa, maelfu kwa maelfu.

Vikundi tunavyo hata leo, vikiwemo vikoba vya mtaani, yaani vikundi vya kuweka na kukopa. Ningeomba vianze na jambo ambalo mabango mengi hulipita: kinyesi cha mtoto mchanga. Wengi huamini hakina madhara kwa kuwa mtoto bado ananyonya, kwa hiyo hutupwa nyuma ya nyumba, na nepi husuuzwa karibu na kisima. Lakini watoto wadogo ndio wanaoharisha mara nyingi zaidi, na vimelea vyao vinaambukiza kama vya mtu mzima. Kinyesi hicho kitupwe chooni, na aliyemsafisha mtoto anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Lijadiliwe pia suala la meno. Mtoto akiharisha wakati wa kuota meno, husemwa ni meno tu. Wengine hupelekwa kwa mganga kung'olewa yanayoitwa meno ya plastiki, yaani meno yasiyotokeza bado kwenye ufizi. Lakini umri huo ndio pia mtoto anapotambaa, anapotia kila kitu mdomoni na anapoanza uji, hivyo vimelea humfikia kwa urahisi. Kisu cha mganga humwachia kidonda na maambukizi mapya, wala hakizuii kuhara. Anachohitaji ni ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, zinki kwa siku 10 hadi 14, na ziwa la mama bila kukatizwa. Akiwa na macho yaliyodidimia, akishindwa kunywa au akitoa damu kwenye kinyesi, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo.

Mikutano ya vikundi hivyo isiwe ya akina mama peke yao. Bibi ndiye mara nyingi huamua mtoto apelekwe kwa nani, na baba ndiye mwenye jembe na fedha ya sabuni. Waalikwe wote wawili, na wapewe nafasi ya kubisha.

Sehemu ijayo: kutengeneza kibuyu chirizi cha kunawia mikono kwa dumu, kamba na vijiti.