Vikundi vya kusoma vyaweza kuokoa misitu na moto

KILA ifikapo Agosti hadi Oktoba, moshi hutanda juu ya misitu ya miombo ya Tanzania. Kwa mkulima wa Mufindi au Njombe mwenye ekari mbili za misindano, moto wa mchana mmoja unaweza kuteketeza kazi ya zaidi ya miaka 10. Kwa mfuga nyuki wa Sikonge, mizinga huungua pamoja na maua.

Kwa nini moto unaendelea wakati sheria za misitu zimekuwapo kwa zaidi ya karne? Sehemu ya jibu imo katika historia ya ardhi. Na njia mojawapo ya kuijadili Tanzania iliwahi kuitumia vizuri, nayo ni vikundi vya kusoma.

Sheria ya mgeni

Mwaka 1895 utawala wa Wajerumani ulitangaza kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Amri ya kulinda misitu ikafuata mwaka 1904. Waingereza nao wakaleta sheria ya misitu mwaka 1921 na ya ardhi mwaka 1923. Machoni pa maofisa wengi, mwanakijiji aliyewasha moto alikuwa mharibifu tu.

Hata hivyo, wenyeji walikuwa na utaalamu wao. Wamatengo wa Mbinga hufukia nyasi kwenye ngoro badala ya kuzichoma, na Wafipa hufukia zao kwenye matuta ya mviringo. Kwingineko wafugaji walichoma nyika ili kupata malisho mapya na kupunguza kupe.

Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alieleza kuwa sotoka ya miaka ya 1890, vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa vilipunguza watu na mifugo, pori likarudi pamoja na mbung'o. Wapo wanahistoria wanaosema alitia chumvi kuhusu hali ya awali. Lakini ni kweli kwamba baadaye Waingereza walihamisha watu kwa sababu ya malale, wakiwamo wa Liwale, na ardhi yao ikaingizwa katika Pori la Akiba la Selous.

Nani analipa?

Moto wa Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita chini kwa chini na kuacha miti. Moto wa Septemba huua miche na kupanda hadi juu. Tatizo ni kwamba anayewasha hupata faida peke yake, awe mwindaji au mwenye shamba anayekwepa gharama ya kufyeka, ilhali hasara humwangukia jirani. Aidha, asiyepata chochote kutokana na msitu hana sababu ya kukimbia kwenda kuuzima.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na hifadhi yake ya msitu na kunufaika na mapato. Hapo hesabu hubadilika: mti ulioungua ni fedha ya kijiji iliyopotea.

Redio na kijitabu

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2. Kikundi kilisikiliza redio, mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, wakajadili, kisha wakatenda. Mwaka 1980 ikaja Misitu ni Mali. Wakati huo sheria haikumpa mwanakijiji nafasi kubwa ya kumiliki msitu. Leo inampa.

Kikundi cha watu 10 hadi 15 kinaweza kukutana mara moja kwa wiki kuanzia Machi. Wazee waeleze msitu ulikuwa wa nani na ulichomwa lini, vijana wasome sheria kwa sauti. Kabla ya Juni wawe na kalenda: wapi pachomwe, wiki gani, kwa kibali cha nani, nani asimamie njia za kuzuia moto. Kisha mapendekezo yapelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji yawe sheria ndogo.

Gharama yake ni vijitabu vichache na saa mbili za jioni. Mkulima mwenye misindano ya miaka minane anajua hiyo ni bei nafuu.