Rangi Mbichi Juu ya Ukuta Mbichi: Mambo ya Mukurweini

Msafiri atokaye Pwani akapanda hadi Mukurweini, kusini ya mji wa Nyeri kwenye njia iendayo Murang'a, ataona jambo moja upesi katika nyumba za huko. Kuta nyingi zina mkanda mwekundu chini, wapata kimo cha goti. Mkanda huo si pambo, ni udongo. Udongo wa nchi ile ni mwekundu kama hina, na mvua ikipiga juu ya mabati, maji huporomoka chini kwa kishindo, matope yakaruka yakashika ukuta. Mtu aliyeipaka nyumba yake nyeupe pe mwezi wa Februari, ikifika Mei huwa ana nyumba ya rangi mbili: moja ameinunua dukani kwa pesa zake, nyingine amepewa bure na Mola kutoka mbinguni.

Wenye kujua wameacha kushindana na udongo huo. Sehemu ya chini huipaka rangi nzito, nyeusi au damu ya mzee, kisha kutoka hapo kwenda juu ndipo wanapoweka rangi ya maziwa au nyeupe. Wengine humwaga kokoto chini ya ukingo wa paa ili tone la mvua livunjike kabla ya kuchota tope. Mgeni hudhani ni mtindo wa kikabila. Kumbe ni suluhu waliyofikia na mvua baada ya kushindwa mara nyingi.

Sisi watu wa Pwani tuna desturi ya kuipaka nyumba kabla ya Ramadhani au Idd, na Lamu wengine husubiri Maulidi. Mukurweini msimu mkubwa wa kupaka ni kabla ya Krismasi, wakati watoto walioko Nairobi na Mombasa wanaporudi nyumbani na wakati harusi na ruracio, yaani shughuli ya mahari, zinapokuwa nyingi. Msimu mwingine huamuliwa na kahawa. Pesa za kahawa hazimfikii mkulima kila mwezi kama mshahara. Humfikia kwa mkupuo, na mkupuo huo una safari zake: karo kwanza, deni la dukani, kisha kikibaki kitu, rangi. Wazee wa huko wanaikumbuka sana miaka ya 1976 na 1977. Baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil mwezi wa Julai 1975, bei ya kahawa ikapaa duniani kote, na nyumba nyingi za Mlima Kenya zikavuliwa nyasi zikavikwa mabati.

Tatizo ni kwamba Krismasi haihami. Daima huja mwishoni mwa mvua za vuli, ambazo Mukurweini huanza Oktoba na huweza kuburura miguu hadi Desemba. Kwa hiyo mtu huipaka nyumba yake katika majuma yale yale ambayo ukuta umelewa maji. Ramadhani yetu, kwa upande wake, hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, ikauzunguka mwaka mzima kwa muda wa miaka kama 33. Basi kuna miaka tunapaka katika kiangazi na mambo yakawa mazuri, na kuna miaka kama 2022, ambapo Idd el-Fitr iliangukia mwanzoni mwa Mei, masika yamepamba moto, na brashi ikapita juu ya ukuta unaotoa jasho.

UKUTA UNAOLIA

Tuchukue mfano wa mzee aliyestaafu kazi Nairobi akarudi Mukurweini kujenga nyumba ya mawe ya kuchonga. Plasta imekwisha katikati ya Novemba. Wakwe wanakuja Desemba. Fundi wa rangi anasema plasta ingali mbichi. Mzee anaigusa kwa kiganja, anaona ni kavu, anamwambia fundi aanze. Tena anataka rangi ya mafuta, si ya maji, kwa sababu ya mafuta inang'aa na ikichafuka hupanguswa kwa kitambaa. Wakwe wanafika, wanasifu nyumba, wanakula, wanaondoka. Mwezi wa Machi ukuta unatoa malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto. Ukiyatumbua, maji hutoka. Kufika Juni rangi inabambuka vipande vipande, na nyuma yake kuna kitu cha utelezi kinachonata vidoleni.

Utelezi huo ni sabuni. Sisemi mzaha. Akina mama wa Pwani waliowahi kupika sabuni nyumbani wanajua siri yake: mafuta ya nazi na soda kali, vikikutana hugeuka sabuni. Saruji mbichi ina ukali wa namna hiyo hiyo, na rangi ya mafuta, kama jina lake linavyosema, ina mafuta. Ukiipaka juu ya plasta ambayo haijatulia, maji yaliyomo ukutani huuleta ule ukali nje, ukayala mafuta ya rangi, na ukuta ukajipikia sabuni wenyewe. Hapo mzee humlaumu fundi, fundi humlaumu mwenye duka kwa kuuza rangi ya uongo, na mwenye duka huonyesha mkebe kwamba haukufunguliwa.

Mafundi wenye uzoefu huiachia plasta siku 28 kwa uchache. Hesabu hiyo ni ya hali ya hewa ya kawaida. Mukurweini, baada ya mvua za masika, huja majira ambayo Wakikuyu huyaita gathano: Juni, Julai, Agosti, baridi na manyunyu, ukungu umekaa juu ya vilima hadi adhuhuri. Katika miezi hiyo siku 28 hazitoshi. Ukuta hukauka usoni tu, na kiganja cha mkono ni shahidi wa uongo.

Hapa kuna jambo la kustaajabisha kidogo. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, *Facing Mount Kenya*, alieleza kwamba desturi ya Wakikuyu ilitaka nyumba ijengwe ikamilike kwa siku moja, na jioni ile ile moto uwashwe ndani. Basi mtu anaweza kusema haraka ya mzee wetu ina asili yake. Lakini nyumba ile ya zamani haikuwa na saruji wala rangi. Miti, nyasi, udongo. Na moto uliokuwa ukiwaka katikati usiku na mchana uliikausha siku baada ya siku. Ile haraka ilikuwa na dawa yake mle mle ndani.

MBAO, MASIZI NA MABATI

Si kila mtu Mukurweini ana nyumba ya mawe. Nyumba za mbao ni nyingi, na mbao hizo zina adui wao, mchwa. Dawa ya rahisi iliyoenea ni mafuta machafu ya injini, yale yanayomwagwa gereji gari linapobadilishwa oili. Mtu hupata mtungi mmoja, akapaka kuta zote za nje, nyumba ikawa nyeusi tititi, na mchwa akaichukia kweli. Miaka mingi baadaye kijana wa nyumba hiyo hupata kazi, akataka kuwafurahisha wazazi wake kwa rangi ya kijani au buluu. Rangi haikauki. Mwezi mzima ukiegemea ukuta shati lako huondoka na kijani, na ikija kukauka, hutoka kama ganda la yai lililochemshwa. Oili ya injini haihami kutoka kwenye mbao, na rangi haishiki juu ya oili. Waliokwisha kuumia hufanya moja kati ya mawili: huuacha ukuta ubaki mweusi maisha yake yote, au hung'oa mbao za mbele wakatia mpya. Msasa na sabuni ni kujichosha.

Jikoni kuna msiba mwingine. Penye kuni pana masizi, na masizi ya miaka ishirini huwa yamepenya ndani ya plasta. Mama hununua ndoo ya rangi nyeupe ya maji, anapaka, jikoni panang'aa. Baada ya siku tatu madoa ya manjano na kahawia yanachungulia. Anapaka mkono wa pili, yanachungulia tena. Anaweza kuimaliza ndoo ya lita 20 na madoa yakabaki, kwa sababu maji ya rangi yenyewe ndiyo yanayoyayeyusha masizi na kuyavuta juu. Ukuta wa namna hiyo husuguliwa kwanza kwa sabuni na maji ya moto, ukaachwa ukauke, ukapakwa mkono mmoja wa rangi ya mafuta ya chini, ile wanayoiita andakoti, ndipo ile ya maji ifuate.

Mabati nayo nitayataja kwa ufupi. Bati jipya lina ngozi laini ya zinki isiyopenda kushikwa. Ukilipaka rangi ya mafuta likitoka dukani vivyo hivyo, mwaka wa pili paa lote huambuka kama nyoka anayejivua gamba. Lahitaji kusuguliwa na kuoshwa, kisha lipakwe praima maalumu ya zinki. Wengine huliacha jua na mvua zilichakaze kwa miezi kadhaa, nayo ni njia nzuri isiyo na gharama.

NYUMBA NJEMA SI MLANGO

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi asidhani haya ni ya watu wa bara peke yao. Sisi tulirithi kuta za matumbawe zilizopakwa chokaa, chokaa iliyochomwa kwa matumbawe yale yale. Ukuta huo hunywa unyevu na kuutema, kama mtu anavyovuta pumzi, na chokaa ilikuwa ikipakwa upya kila baada ya muda kwa gharama ndogo. Ilipokuja saruji tukaona chokaa ni ushamba. Tukaziba kuta kwa plasta ya saruji, juu yake rangi ya mafuta, na unyevu ukakosa pa kutokea. Ndiyo maana utaingia nyumba ya zamani yenye sebule nzuri, zidaka za kupendeza, na sentimita hamsini za chini zinamomonyoka unga mweupe wa chumvi kila asubuhi. Kupaka tena juu ya chumvi hiyo ni kununua kazi ya mwaka ujao.

Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Mombasa iliamuru majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu ya Misri. Watu walibishana sana kuhusu uzuri wa rangi hizo na nani alipe. Kwangu mimi swali lililostahili kutangulia ni la fundi: ni rangi ya aina gani, na juu ya ukuta gani? Nyeupe ya chokaa na nyeupe ya mkebe huonekana sawa kwa mtu apitaye barabarani. Kwa ukuta wa matumbawe ni kama maji na gundi.

Kuna mishahara ya uzembe iliyo mikubwa kuliko kubambuka. Usiku wa baridi wa Mukurweini humfanya mtu aingize jiko la makaa chumbani ili rangi ikauke upesi, akafunga madirisha. Hapo amekusanya maadui wawili: mvuke wa tarpentaini unaoshika moto, na ile hewa ya sumu ya makaa isiyo na rangi wala harufu, inayomchukua mtu usingizini. Rangi ya mafuta hukaushwa na hewa inayopita. Chumba kilichofungwa huichelewesha.

Na kukwangua rangi ya zamani kuna hatari yake. Rangi nyingi za mafuta za miaka ya nyuma, hasa za manjano na nyekundu, zilitiwa madini ya risasi. Kikomo cha viwango vya Kenya siku hizi ni sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni za rangi, lakini kiwango cha leo hakiwezi kuifuata rangi iliyokwisha kaa mlangoni tangu enzi za babu. Ukiikwangua kwa msasa mkavu, vumbi lake huanguka sakafuni, mtoto anayetambaa huligusa, kidole kikaenda mdomoni. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Basi mlango wa zamani husuguliwa ukiwa umeloweshwa maji, watoto wakiwa kwa jirani, na vumbi likafutwa kwa kitambaa chenye maji wala si kwa ufagio.

Mafundi waangalifu wana mtihani mmoja wa ukuta ambao hautaki chombo chochote cha kizungu. Huchukua kipande cha nailoni, na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, hukikata kwenye nailoni iliyofunikia godoro jipya. Hukibandika ukutani kwa utepe pande zote nne wakati wa jioni, na kukiacha hadi jioni ya pili. Wakikibandua wakakuta upande wa ndani una matone, mikebe hurudishwa chini ya kitanda, brashi hutiwa ndani ya maji zisikauke, na mwenye nyumba huambiwa aje aulize tena Januari.