Taa Zawaka, Injini Haizunguki

Hapo zamani motokaa iliwashwa kwa mkono: mtu alishika hendeli mbele ya gari, akaizungusha injini kwa nguvu zake mwenyewe. Katika Cadillac ya mwaka 1912, gari la Marekani, kazi hiyo ilipewa mashine ndogo ya umeme iitwayo stata, nayo hupata nguvu zake katika betri. Land Rover kuukuu, zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, zina vyote viwili, stata na hendeli.

Stata ina kitendawili chake, hasa katika motokaa kuukuu za pwani kama Kilwa na Lindi. Dereva awasha taa, nazo zatoa mwanga mzuri. Abonyeza stata, asikia mlio mmoja tu, kisha kimya. Basi wengi husema, "Betri imekufa," wakanunua nyingine, na gari likakataa vile vile. Likikwama hivyo baina ya Nangurukuru na Lindi, samaki huoza, mgonjwa huchelewa kufika hospitali, na fedha ya betri imepotea bure.

Sababu yake ni nini? Taa mbili za mbele hutumia amperi kama 8 tu, lakini stata hutaka zaidi ya 100. Mlango mwembamba humpitisha mbuzi mmoja mmoja, lakini kundi zima likiukimbilia hukwama. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, nayo hula shaba na chuma. Kutu ikiingia katika viungo vya waya, njia huwa nyembamba: umeme wa taa hupita, wa stata hukwama.

Kwa hiyo fundi mwenye akili hapigi ramli, bali huliuliza gari lenyewe. Huwasha taa za mbele, kisha hubonyeza stata. Taa zikizimika, betri ni dhaifu, au viungo vyake vina kutu. Taa zisipofifia hata kidogo, kosa liko mbele zaidi, katika swichi, stata, au waya zake. Hapo hukumbuka pia waya unaounganisha injini na chesisi, kwa kuwa umeme lazima urudi katika betri, na injini imekalia mipira isiyopitisha umeme. Waya huo hukaa chini penye matope, na wengi hawautazami kamwe.

Dawa ya kutu ni rahisi. Kwanza hufunguliwa waya wa betri uendao kwenye chesisi, ili spana ikigusa chuma isitoe cheche. Maana betri hutoa hewa iwezayo kulipuka. Viungo husuguliwa mpaka ving'ae. Unga mweupe wa betri huoshwa kwa maji ya magadi, lakini yasiingie ndani ya betri. Kisha nati hukazwa, grisi hupakwa kuzuia chumvi, na waya ule wa kwanza hufungwa mwisho.

Haraka haraka haina baraka. Afadhali kuchunguza kwanza, ndipo kununua.