Kugawa majukumu ndiyo nguzo ya programu bora ya tarakilishi

MWANACHAMA wa chama cha akiba na mikopo anafika kaunta kuomba mkopo wa Sh150,000. Akiba yake ni Sh40,000, na kanuni ya chama hairuhusu mkopo unaozidi mara tatu ya akiba. Tarakilishi ya karani inalikataa ombi hilo, tena kwa haki, maadamu kiwango chake ni Sh120,000.

Jioni, mwanachama huyo huyo anatuma ombi lile lile kwa simu ya mkononi. Linakubaliwa!

Je, chama hicho kina kanuni mbili? La hasha. Kanuni ni moja, ila aliyeunda programu aliiandika katika skrini ya karani, na simu ilipoongezwa baadaye, hakuna aliyekumbuka kuiandika upya huko.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kosa lenyewe ni la kila siku, na dawa yake imejulikana tangu 1979.

Mwaka huo, mtaalamu wa tarakilishi kutoka Norway, Trygve Reenskaug, alikuwa mgeni katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, California, nchini Marekani. Huko ndiko alikobuni mtindo wa kuigawa programu katika sehemu tatu: modeli, mwonekano na kidhibiti. Nia yake ilikuwa kuziba pengo baina ya namna mtu anavyolielewa jambo akilini na namna tarakilishi inavyolihifadhi.

Miaka ya 2000 mtindo huo ulienea sana miongoni mwa waundaji wa tovuti, hasa kupitia zana kama Ruby on Rails iliyotolewa 2004.

Modeli hubeba taarifa pamoja na kanuni zinazozitawala. Katika chama chetu, ndiyo inayojua akiba ya kila mwanachama, madeni yake na ile kanuni ya mara tatu. Haijui, wala haipaswi kujua, iwapo anayeomba mkopo yuko kaunta au ameshika simu.

Mwonekano ni kile akionacho mtumiaji. Taarifa zile zile zaweza kuwa jedwali kwa karani, ujumbe mfupi kwa mwanachama na grafu kwa mkutano mkuu. Sura hubadilika, hesabu haibadiliki.

Kidhibiti nacho hupokea agizo la mtumiaji, hulifasiri, hulifikisha kwa modeli, kisha huteua mwonekano wa kutolea jibu. Ni tarishi mwerevu, si hakimu.

Sisi wa chumba cha habari hatuoni ajabu katika mgawanyo huu. Msanifu wa kurasa akikosa nafasi hupunguza picha. Hathubutu kupunguza idadi ya majeruhi ili habari ienee katika safu.

Hata hivyo, wengi wanaofuata mtindo huu hujikwaa pale pale: kidhibiti hunenepa. Kwa kuwa maagizo yote hupitia kwake, mwundaji mwenye haraka hukitwika hesabu za riba, ukaguzi wa madeni na kanuni nyinginezo. Majina matatu yanabaki, lakini mgawanyo umekwisha.

Kipimo cha kutambua kasoro hiyo ni rahisi. Tuseme wanachama wamekubaliana kwamba mkopo sasa ufikie mara nne ya akiba. Mwundaji atalazimika kurekebisha programu mahali pangapi? Pakiwa pamoja, ndani ya modeli, kazi imegawanywa vyema. Pakiwa patano, pamoja patasahauliwa, na fedha za watu zitapotelea hapo.

Hii haimaanishi kwamba skrini isimwonye mwombaji mapema kuwa amevuka kiwango. Onyo humwokolea muda. Lakini onyo si uamuzi, na neno la mwisho sharti libaki kwa modeli.

Vilevile, programu ndogo ya kutekeleza jambo moja tu haina haja ya kukatwa vipande vitatu. Faida ya mgawanyo hudhihirika programu inapokua, njia za kuitumia zinapoongezeka na mikono inayoitengeneza inapokuwa mingi.

Wahenga walisema wapishi wengi huharibu mchuzi. Huuharibu pale kila mmoja anapotia chumvi yake. Wakikubaliana ni nani wa kutia chumvi, hata wakiwa kumi, mchuzi utalika.