Je, Wajua? Kadi ya Kugusa Haina Betri

Itazame kadi ya benki yenye alama ya mawimbi manne madogo. Haina betri, haina swichi, wala haina waya unaochomoza popote. Ikiwa mfukoni ni plastiki tu. Ukiisogeza karibu na mashine ya kulipia, kiasi cha sentimita nne, chipu iliyomo ndani huamka, hujitambulisha, hutia saini malipo na kulala tena. Yote hayo huchukua takriban nusu sekunde. Umeme wa kuiamsha unatoka wapi?

Unatoka kwenye mashine. Ndani ya plastiki, kuizunguka kadi, umepitishwa uzi mwembamba wa metali uliojikunja mara kadhaa. Mashine ya kulipia hutoa mawimbi ya redio ya megahezi 13.56, nayo mawimbi hayo yakipita kwenye uzi huo huzalisha umeme kidogo, unaotosha kuendesha chipu. Kanuni hiyo ni ile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831 alipoona kwamba usumaku unaobadilikabadilika huzaa umeme katika waya. Ukiiondoa kadi, umeme unakatika na chipu inazimika papo hapo.

Umbali huo mfupi wa sentimita nne ni ulinzi wa kwanza dhidi ya wizi. Wa pili umo katika kile ambacho kadi husema. Haitoi nambari ya siri ya mwenyewe. Hupiga hesabu na kutoa saini ya malipo hayo peke yake, na saini hiyo haifai kwa malipo mengine. Mwizi akiinasa hewani leo, kesho itakataliwa. Ulinzi wa tatu ni kiwango: malipo yakizidi kiasi fulani, mashine hudai nambari ya siri. Uingereza ilianza na pauni 10 mwaka 2007, na kufikia Oktoba 2021 kiwango kilikuwa pauni 100.

Simu iliingia baadaye, na Wajapani ndio waliotangulia. Kampuni ya NTT DoCoMo iliweka chipu ya namna hii ndani ya simu mwaka 2004, miaka kumi kabla ya Apple Pay kuzinduliwa Marekani mnamo Oktoba 2014. Katika simu, nambari halisi ya kadi haitumiki dukani. Benki hutoa nambari mbadala inayofanya kazi kwenye kifaa hicho tu. Tena, wakati wa kugusa, simu haihitaji kuwa na bando wala mtandao. Kazi ya kuwasiliana na benki ni ya mashine ya mwenye duka.

Wateja walipoonja urahisi huo, hawakutaka kuuachia. Apple Pay ilifika Uingereza Julai 2015 bila Barclays, benki yenye kadi za mkopo za Barclaycard. Wateja wake walilalamika kwa miezi mpaka benki ikajiunga Aprili 2016. Waliokuwa wakilalamika walikuwa na kadi mfukoni tayari, na katika maduka yao mashine za kugusa zilikuwa zimeshaenea.

Kenya ilishika njia nyingine

Wakenya wengi walianza kulipa kwa simu kabla hawajamiliki kadi. M-Pesa, huduma ya pesa za simu ya Safaricom, ilizinduliwa Machi 2007, na Lipa na M-Pesa, ya kulipia dukani, ikafuata mwaka 2013. Mteja hasogezi chochote karibu na chochote. Anabonyeza nambari ya till, kiasi na namba ya siri, kisha yeye na mwenye duka wanasubiri ujumbe. Simu ya vibonye yatosha.

Kugusa kumejaribiwa vilevile. Mwaka 2013 Google na Equity Bank walileta BebaPay, kadi ya abiria wa matatu iliyoguswa kwenye simu ya kondakta. Ilifungwa Machi 2015, kwa kuwa kondakta aliyezoea kushika noti hakuwa na haja nayo. Mwaka 2017 Safaricom ilifanyia majaribio M-Pesa 1Tap mjini Nakuru, kwa kadi, stika ya kubandika kwenye simu na bangili ya mkononi. Haikuota mizizi kama nambari ya till.

Mahitaji ya Garissa

Soko la mifugo la Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, ni mojawapo ya makubwa zaidi Afrika Mashariki. Ngamia mkubwa huuzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi, na wakati mwingine bei huvuka laki. Kutembea na noti za kundi zima kwenye barabara za Modogashe au Dadaab ni kujitafutia hatari, kwa hiyo hamu ya kulipa bila noti ipo siku nyingi. Ng'ambo ya mpaka, nchini Somalia, kampuni ya Telesom ilianzisha ZAAD mwaka 2009 huko Somaliland, na Hormuud ikafuata na EVC Plus. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2018 kwamba takriban robo tatu ya Wasomali wenye umri wa zaidi ya miaka 16 walikuwa wakitumia pesa za simu.

Shida ni mtandao. Pesa za M-Pesa hazikai ndani ya laini. Zimo kwenye kompyuta za mbali, na mnara ukizimika, pesa hazionekani. Kaskazini Mashariki wanalijua hilo vyema, maana minara imeshambuliwa na kuharibiwa mara nyingi na wapiganaji wa al-Shabaab, na vijiji vizima hubaki gizani kimawasiliano.

Hapo ndipo chipu inapoanza kuwa na maana. Mpango wa Hunger Safety Net ulipoanza kuzilipa kaya maskini za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, ulitumia kadi zenye chipu zilizotolewa na Equity Bank. Mlipwaji alienda kwa wakala, mara nyingi mwenye duka, akaingiza kadi na kuweka kidole. Kidole kikilingana na alama zilizohifadhiwa, alilipwa, hata pale pasipo mtandao. Wakala alisawazisha hesabu zake na benki baadaye. Kadi hiyo ilichomekwa, haikuguswa, lakini ilithibitisha kwamba chipu inaweza kubeba uaminifu mahali ambapo mnara haupo. Kambini Dadaab, mpango wa Bamba Chakula wa Shirika la Chakula Duniani ulishika njia ya laini ya simu kuanzia 2016: mkimbizi wa Ifo, Dagahaley au Hagadera alililipa duka lililoidhinishwa kwa simu yake.

Limebaki jambo la riba. Waislamu wengi wa Garissa, Wajir na Mandera hawaitaki kadi ya mkopo kwa sababu deni lisilolipwa kwa wakati huongezewa riba. Lakini chipu haina habari na riba. Kugusa ni njia ya kupitisha malipo tu, na inafanya kazi vilevile kwenye kadi inayotoa pesa za akaunti ya mwenyewe. Kenya ina benki zinazofuata Sharia kikamilifu tangu 2008, Gulf African Bank na iliyokuwa First Community Bank zikiwa za kwanza. Huko Ghuba, benki za Kiislamu hutoa hata kadi za mkopo zinazotoza ada iliyokubaliwa badala ya riba.

Kwa hiyo benki inayotaka wateja wa Garissa isiwaletee tangazo la Nairobi. Iwaletee kadi ya akaunti isiyo na riba, mashine inayoweza kupitisha malipo madogo mtandao ukikatika, na makato ambayo mwenye duka atayamudu. Nawe msomaji, siku wakala atakapokuletea kadi ya kugusa, muulize mambo matatu kabla ya kutia saini: mtandao ukipotea inafanyaje kazi, ni kiasi gani kinapita bila nambari ya siri, na nikichelewa kulipa nitatozwa nini. Asiyeweza kuyajibu, mrudishie kadi yake.